Sahani ya Nyumba ya Saba

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi Durban, nimepanga chumba kwa Bibi Rukia, Chatsworth. Kwa Kiswahili changu cha Bukoba nikapewa kazi. Wazanzibari wa hapa, wajukuu wa watumwa waliokombolewa na kuletwa Durban, walitaka historia ya kijiji chao cha Bluff iandikwe. Serikali ya zamani ya makaburu iliwahamisha kwa malori miaka ya sitini na nyumba zao zikabomolewa. Sasa serikali mpya ilikuwa inapokea madai ya ardhi.

Wanaume walibishana wiki nzima, nani alikaa jirani na nani. Nilichoka nao. Bibi Rukia alikuwa pembeni anachambua mchele, mwishowe akasema tufuate sahani za futari. Kila nyumba ilimpelekea jirani wa upande wa chini, na sahani hairudishwi tupu. Akaanza kutaja nyumba moja baada ya nyingine bila kukwama, mpaka ya saba.

“Hapo MaNgcobo,” alisema.

Ameir, katibu wa kamati, aliniambia niiruke. MaNgcobo alikuwa Mzulu, Mkristo, tena mpangaji tu, na orodha ni ya Wazanzibari.

“Kama saba haikuwepo,” Bibi alimuuliza, “sisi wa nane tulikula nini?”

Ameir akakata jina kwa kalamu yake mwenyewe. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Usiku huohuo Bibi alinionyesha sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu, imefungwa kwenye kanga. Jioni ya mwisho MaNgcobo aliileta na maharage. Asubuhi malori yakaja, yeye akapelekwa Umlazi na Bibi huku, kila mtu na kabila lake. Zaidi ya miaka thelathini sahani ya watu imekaa kwenye sanduku lake. Moyo ulikuwa unamsumbua, daktari keshasema. Aliniomba nimtafute mwenyewe, asije akazikwa na deni la jirani.

Nilipanda taxi Jumapili tatu, nikauliza kanisa hadi kanisa pale Umlazi. MaNgcobo alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Nikampata binti yake, Nomusa, mshonaji wa kiwanda kimoja Pinetown. Kumpelekea Bibi habari ile kulinishinda, nikalia mimi kwanza. Yeye aliuliza tu kama binti anapenda wali wa nazi.

Tulikutana Bluff, kijijini, siku kamati ilipokwenda kupima viwanja. Ni majani na vipande vya saruji tu. Bibi alihesabu misingi kwa fimbo yake, akasimama kwenye wa saba. Nomusa alipoona ukingo wa bluu ukichungulia kwenye kanga alishika mdomo, kisha akaongea Kizulu kirefu. Nilimwomba Ameir anitafsirie.

“Anasema zilikuwa sita,” Ameir alisema. “Tano ziko kabatini. Mama yake hakukubali kununua nyingine. Akiulizwa, anajibu ya sita iko kwa Rukia, bado anapika.”

Bibi alifungua kanga. Mvuke wa wali ukatoka. Alimwambia Nomusa neno moja tu la Kizulu, nikamgeukia tena Ameir. Alijifuta uso kwa kofia yake.

“Anamwambia kimeiva.”

Nomusa alishaipokea kwa mikono miwili. Ameir akaniomba orodha na kalamu.