Besi ya Musau Chini ya Mabati

Kila Musau alipougusa uzi mnene wa gitaa lake la besi, vumbi la kutu lilidondoka kutoka kwenye paa na kutua juu ya vitambaa vyeupe vya akina mama wa mstari wa mbele. Hawakulalamika. Walilipangusa huku wakitabasamu, maana katika kanisa lile dogo la mabati, kule Kawangware upande wa kuelekea Riruta, ibada isiyotikisa paa ilihesabiwa kuwa imepoa. Watu walimwita Radi. Naye, tusimfiche, jina hilo lilimkaa vizuri kuliko suti yake.

Hatua chache mbele yake alisimama mama yake, Wanza, akiongoza nyimbo za Kikamba alizozitunga mwenyewe. Kiitikio kilifanyiwa mazoezi; beti hazikufanyiwa. Beti alizitoa kifuani papo hapo, jinsi zilivyomjia, na kwaya ikamjibu. Lakini siku hizi watu waliona midomo yake ikicheza tu, na katikati ya juma mzee Nzuki, mwenyekiti wa kwaya, akamvuta Musau kando.

"Musau, mama ametumika sana. Lakini sauti imeisha, hata wewe unaona. Jumapili hii aimbe ya mwisho, halafu tumpatie Ndanu wa kwaya aongoze. Umwambie wewe. Akisikia kwa mtoto wake haitamuuma sana."

Musau aliitikia kwa kichwa, kisha siku zikapita bila kumwambia. Ukweli ni kwamba hakuona cha kupinga. Moyoni mwake palikuwa na kijibaridi cha miaka mingi. Alikuwa hajaanza hata shule mama alipomwacha kwa nyanya yake kule Mwingi, akaja Nairobi kufulia watu nguo, na alipomchukua tayari Musau alikuwa ananyoa ndevu. Walikula pamoja, wakataniana, wakauguzana. Lakini hakuwahi kumwuliza kwa nini alimwacha muda wote ule, wala mama hakuwahi kumweleza, na swali lenyewe likazeeka pamoja nao.

Ijumaa, akiijaribu amplifaya yake, spika ilikoroma ikapasuka. Akaibeba hadi Kibera, karibu na Soko la Toi, kwa fundi mmoja aitwaye Mildred. Mildred aliibadilisha ile karatasi ya spika, kisha akamwambia apige.

"Unaua spika bure," alisema, akiitazama ikiruka mbele na nyuma. "Hapo haiimbi. Inasukuma hewa tu."

"Lakini hiyo ndiyo nguvu yenyewe."

"Ni nguvu ya mabati, si ya gitaa. Wacha nikuwekee filta. Inazuia zile sauti za chini kabisa, zingine zote inaziacha zipite. Noti zako bado utazisikia."

"Watu watasema nimeisha."

"Waseme." Mildred alikuwa tayari ameshika bisibisi. "Kwani huko kwenu kuna mtu anaimba, ama ni wewe na mabati tu?"

Musau akamsogezea amplifaya. Mildred alipomaliza, alimwonyesha kidude cha kuzungusha. Kikielekea huku, filta inafanya kazi. Kikirudi kule, radi yake ipo palepale.

Jumapili, kabla ya wimbo, Musau alimtazama mama yake kisogoni na moyo ukamwuma. Kama huu ni wa mwisho, alijiambia, basi angalau usikike. Akakizungusha kile kidude.

Besi ilitoka kavu, kila noti ikisimama peke yake. Aliona aibu, kana kwamba amekuja kanisani bila viatu. Mabati yalikuwa yamenyamaza. Akina mama wa mbele walitazama juu, kisha wakamtazama yeye. Nzuki akakunja uso. Mkono wa Musau ulikuwa njiani kurudi kwenye kile kidude alipoisikia sauti.

Haikuwa imeisha. Ilikuwa ya chini, ina mikwaruzo, na ilikuwa inasema maneno.

Wanza aliimba habari za mtoto aliyelala kwa nyanya yake alfajiri, na mwanamke aliyeondoka bila kumwamsha, akijua kwamba yale macho yakifunguka hatakwenda. Aliimba habari za mikono iliyofua nguo za watoto wa watu, ikilitandaza kila shati kwanza na kulipima: wangu sasa lingemtosha hili. Akamwomba Mungu amfikishie mtoto huyo neno la msamaha, maana yeye mwenyewe, kila akifungua mdomo mbele yake, huishia kumwuliza kama amekula.

Hapo Musau akaelewa kwamba mama hakuanza leo. Jumapili zote zile alikuwa akiyasema haya haya, na alithubutu kuyasema kwa sababu radi ya mwanawe ilimficha.

Ghafla Wanza naye akausikia ule utulivu. Akakatiza ubeti katikati, kiganja mdomoni. Kwaya haikuitikia, Ndanu alikuwa analia waziwazi, na Nzuki ameinamisha kichwa.

Musau hakukigusa kile kidude. Vidole vyake vilirudi mwanzo wa ubeti, taratibu, vikaupiga mara moja, vikaupiga tena.

"Rudia, mama," alisema. "Sikuwa nasikia."

Kiongozi wa nyimbo hawapi waumini mgongo. Wanza aligeuka, akawapa, akamtazama mwanawe usoni, na akaanza ubeti upya.