Alama ya Nne

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, alama ya nne ilirudi chafu.

Mukunde aliisoma namba kwenye mashine ya kupima mionzi, akatia kikaratasi ambacho hakijatumika ili kuijaribu mashine yenyewe. Ilikuwa nzima. Alama nyingine kumi na moja zilikuwa safi. Hakuelewa.

Alikuwa afisa wa usalama wa mionzi katika taasisi ya utafiti huko Kicukiro, na kabla ya Ijumaa mchana alitakiwa aamue kama maabara moja itatumiwa na watu wawili. Dokta Évode alikuwa humo miaka sita na tritiamu yake, hidrojeni yenye mionzi. Scovia, mtafiti wa maharage, alikuwa amepoteza chumba chake baada ya paa kuvuja, naye fosforasi yake ya mionzi ilikwisha kufika kwa ndege. Fosforasi hiyo hupungua nusu kila baada ya siku kumi na nne. Bila kibali ingefia sandukuni.

Mionzi ya tritiamu ni dhaifu mno kugunduliwa na kipimo cha mkononi. Unapangusa kwa kikaratasi kila alama, yaani kila mahali palipopewa namba kwenye ramani ya chumba, ukakipeleka mashineni. Jumatatu Mukunde alipangusa, akamwambia Évode alama ya nne ni chafu. Évode akaosha. Jumanne, chafu. Akaosha tena. Leo Jumatano, chafu vilevile.

"Muzehe, uliosha kweli, ama uliipitishia maji ya baraka?" Scovia alimuuliza Évode mlangoni mwa maabara. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala.

"Mais non, hapana! Niliosha mpaka ngozi ya mikono ikataka kutoka." Cha Évode kilikuwa cha Bukavu. "Mashine yenu iko mgonjwa."

"Mashine haina neno," Mukunde alisema.

"Basi ni mimi ndiyo mgonjwa?"

Uchafu hauzaliwi upya usiku katika chumba kilichofungwa. Ama Évode alidanganya, na hakuwa mtu wa kudanganya, ama kuna mtu mwingine aliyeingia, na ufunguo wa usiku alikuwa nao Mukunde mwenyewe.

"Nionyeshe unavyoosha," alisema mwishowe.

Évode alivaa glovu, akaingia kwa mlango wa ukumbini, akahesabu kwa kidole, akasimama kando ya sinki.

"Hapa. Nne."

Kwa alama hiyo Mukunde alikuwa akipitisha vikaratasi vyake kwenye mpini wa friji, upande wa pili wa chumba.

"Ramani yako iko wapi, Dokta?"

Évode aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Alama zake zilianzia mlango wa ukumbini. Ramani aliyoifuata Mukunde ililetwa na Scovia pamoja na ombi lake, na alama zake zilianzia mlango wa stoo, ambao ndio Scovia angeutumia. Kila mmoja alihesabu kuanzia mlango wake. Zote mbili zilikuwa na muhuri na sahihi ya Mukunde.

"Yaani siku mbili nimeosha sinki safi," Évode alisema polepole.

"Na sisi wote tumefungua friji," alisema Mukunde.

Waliuosha mpini pamoja. Alhamisi namba ilishuka, na vipimo vya mkojo wa wote watatu havikuonyesha tritiamu mwilini. Scovia alileta fomu ya kibali na kalamu.

"Dada Mukunde, chumba ni safi. Tia sahihi."

"Lazima niandike ripoti. Ramani mbili kwa chumba kimoja, na nimezipitisha mimi. Ripoti ikiandikwa, kibali husubiri kamati. Nayo inakaa Jumanne."

"Si uandike hiyo Jumanne? Nani atajua?"

Mukunde alijiuliza hilohilo. Chumba kilikuwa safi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini jana pia aliamini anajua alama ya nne iko wapi.

"Kutoka Ijumaa hadi Jumanne unapoteza kama asilimia kumi na nane," alisema.

"Nimeshapiga hesabu. Sampuli nne za maharage zitakosa fosforasi."

"Pole."

Scovia aliichukua fomu, akaitazama, akaiweka chini.

"Kamati inakaa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Nitakuwa mlangoni saa mbili," Scovia alisema, akaenda kuchagua sampuli zipi azitupe.