Hedfoni za Kuziba Ukuta

Nyumba za Ilala zilijengwa na watu wasiokuwa na siri. Ukuta unapanda, unampita mtu mrefu kidogo, halafu unaishia hapo hapo. Juu ni boriti na bati tu, na sauti zinapita zinavyotaka. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwambia pole. Nilikaa humo miaka na mume wangu Augustino, Gasto kwa sisi wa nyumbani, na sikuona ubaya wowote, mpaka Augustino alipohama. Alihamia chumba cha pili.

Sisemi mtaa wa pili. Nasema chumba, mlango unaofuata, kwa Severa, ambaye nilimpokea mwenyewe alipokuja kupanga na nikamwazima jiko la mkaa. Augustino alibeba mto wake, viatu na redio kubwa, akapita koridoni kama mtu anayekwenda kuoga.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Kodi ya Dar inalipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na tulikuwa tumeilipa juzi juzi tu, mimi na yeye. Nilimwendea mwenye nyumba, Mzee Uwesu, anirudishie japo nusu.

"Mwanangu Candida," akaniambia, "mimi nilikodisha vyumba. Ndoa sikukodisha."

Basi nikabaki, nikawa nalia. Na niseme wazi, maana sina haja ya kujipamba: nilimtaka mume wangu arudi, na nililia ili asikie. Kitanda nilikivuta mpaka kikagusa ukuta wao. Waliouliza niliwaambia bati linavuja upande wa kule. Augustino hawezi kuvumilia kilio. Msibani hutoka nje akajifanya anapanga viti. Nilijua atachoka tu. Na kweli, ilipopita Pasaka nikaanza kuona matunda, kwa sababu redio yao kubwa, iliyokuwa ikibwata tangu asubuhi, ilinyamaza. Aibu imewaingia, nikasema. Haba na haba hujaza kibaba.

Kilichonishinda ni kicheko. Redio imezimwa, hakuna aliyesema neno, mara Augustino huyo anaangua kicheko peke yake, kile kile alichokuwa akicheka kitandani kwangu. Kilinichoma kuliko kitu chochote. Ndipo nikaamua kutafuta hedfoni, zile za kuingiza ndani ya sikio, nilie bila kumsikia.

Kununua kitu Kariakoo siku hizi ni kazi. Enzi za maduka ya kaya, yale ya mgawo wa serikali, ulipewa aina moja, ukashukuru, ukaenda zako. Soko huria limetuletea aina mia, na kila moja ina boksi zuri na maneno ya dhahabu. Nilimaliza meza za machinga wote wa Mtaa wa Msimbazi. Hedfoni za kwanza zilikuwa za bei ya kutupa, na sauti yake ni nzi ndani ya kopo. Za pili zilikuwa besi tupu, mwimbaji anasikika amezama. Za tatu zilikuwa nzuri, ila kila honi ya gari iliingia nazo sikioni.

Mwishowe niliingia dukani kwa Jaimin, kijana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa akituuzia betri tangu zamani. Nje ya mlango wake jenereta lilikuwa linanguruma, maana siku hiyo ilikuwa zamu yao ya mgao wa umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka za ndani ya sikio. Bei iwe ya mtu kama mimi, sauti iwe safi, na kelele za nje zisipite."

"Kinachozuia kelele ni mpira wake, mama, siyo jina la juu ya boksi." Akamwaga vipira vidogo kwenye kioo cha kaunta. "Masikio ya mtu hayalingani. Jaribu kila upande peke yake."

Kumbe kweli. Sikio la kulia lilitaka mpira wa kati, la kushoto mdogo. Jaimin akazifuta kwa spiriti, akazichomeka kwenye redio yangu ya mfukoni.

"Weka sauti ya kawaida tu. Mimi nitaongea. Ukinisikia, usinunue."

Jenereta likafifia. Akaja mwanamke anaimba taratibu, hata pumzi yake naisikia anapoivuta. Nilimwona Jaimin akichezesha midomo, sikuambulia kitu. Nikazitoa.

"Umesema nini?"

"Nimetaja bei. Ungesikia ungekimbia."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Tukavutana bei, akashuka.

"Hizi huwa hazirudi," akaniambia akifunga. "Kabla ya Pasaka nimemuuzia jamaa mmoja pea mbili, za kwake na za mke wake. Wana jirani ana kelele, hawalali. Mpaka leo hajaja kulalamika."

"Kuna watu hawana haya," nikasema. "Wanaishi na wenzao kama wako porini."

Nilifika nyumbani jua bado kali. Severa alikuwa amekaa uani anachagua mchele, amenipa mgongo. Mimi na yeye hatusalimiani, lakini ungo wake ulikuwa umeziba mlango wa koridoni.

"Nipishe," nikasema. Akaendelea kuchagua. "Severa, nipishe!"

Kivuli changu ndicho kilichomshtua. Akageuka, akachomoa kitu sikioni. Kipira cheusi, cha kati.

"Samahani, dada Candida. Ulikuwa unasema?"

"Hizo umezitoa wapi?"

"Gasto kaninunulia. Na yeye ana zake, ndizo anazosikilizia redio." Akainamisha macho kwenye mchele. Nilitamani awe na kiburi, ningempiga. Hakuwa nacho. "Tuliona tusikuseme, dada. Mtu ana haki ya kulia chumbani kwake. Tangu Pasaka hatusikii kitu kabisa, wala usiwe na wasiwasi."

Tangu Pasaka. Nililia kwaresima nzima wakasikia, wakaenda Kariakoo. Na yote niliyolia baada ya hapo, nilililia bati.

Niliingia ndani, nikaketi, boksi mapajani. Kule ng'ambo Augustino akacheka peke yake.

"Gasto," nikaita, kwa sauti ile ile ya miaka yote. "Maji ya kuoga tayari."

Akaanza kuimba puani, anapotea tuni, kama anavyoimba mtu asiyejisikia.

Nikasimama, nikashika kitanda. Ni cha chuma, na sakafu ni sementi. Nilikikokota kutoka ukuta wao mpaka ukuta wa upande wa pili, kikapiga ukelele ambao sikudhani chuma kinaweza kuutoa. Milango ikafunguka. Mzee Uwesu alikuja na msuli wake akiniuliza kuna nini, na wapangaji nyuma yake wamejaa koridoni. Hata Severa alisimama na ungo wake. Augustino peke yake hakutoka.