Tata Amepanda Bati

Winston, fundi wetu wa sola, alianguka na pikipiki Ijumaa jioni akitoka Kayanga kuchukua vibanio vya mwisho vya kushikia paneli. Mkono ulivunjika; vibanio tuliletewa. Paneli mbili alikuwa ameshazifunga juu ya bati, na mbili zilizobaki zilikuwa zimeegemea ukuta wa jiko, zimefunikwa majani ya migomba. Ndani kila kitu kilikuwa tayari: betri ya lithiamu chini ya dirisha, inveta ukutani, waya zimelala vizuri kama nywele zilizosukwa. Na kesho yake, Jumamosi, mama mkwe wangu alikuwa anarudi nyumbani kutoka hospitali.

Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Daktari alikubali aondoke kwa sharti moja, kwamba mashine ya oksijeni iwake usiku kucha bila kuzimika. Nguzo za umeme hazijafika upande wetu wa Ihembe, ndiyo maana tukajenga umeme wetu wenyewe. Jumamosi asubuhi nilimpigia Dastan, mume wangu, aliyekwenda kumchukua, nikamweleza habari za Winston. Alisema kitanda cha Mama kimeshapewa mgonjwa mwingine na wao wako kwenye gari. Mtungi wa oksijeni walionao ulikuwa wa njiani tu.

Nikaenda kuangalia skrini ya betri. Nikatoka, nikatazama ukungu, nikarudi kuiangalia tena. Paneli mbili zingeendesha mashine mchana. Usiku, betri ingekata kabla ya mapambazuko.

Fundi mwingine tuliyemjua alikuwa na kazi Kimuli na angekuja Jumatatu. Vijana wa jirani wangeweza kukaza vibanio, lakini paneli ikishaona jua ina umeme tayari; asiyejua akikosea kuunganisha waya anaunguza inveta, na sisi hatukuwa na nyingine. Nilimpigia Winston. Alikuwa na maumivu lakini akacheka.

"Wewe si umesomea umeme chuoni? Panda."

"Nitapandaje, na baba mkwe yupo?"

Hapo hakucheka tena. Mkwe hakai kwenye kiti cha baba wa mume wake, hatamki jina lake, na hawezi kupanda juu ya nyumba yake wakati yeye yuko chini hai, kwa maana ni kama kumkalia kichwani. Hata maneno yangu kwake yalikuwa yanapitia kwa Renatha, wifi yangu. "Renatha, muulize Tata kama ameshiba." Tata, ndivyo tunavyomwita baba, ananisikia vizuri kabisa, lakini anasubiri Renatha aulize. Tuliishi hivyo mwaka mzima, bila chuki yoyote.

Renatha alisema nipande haraka, yeye angegeuka nyuma asione. Nilipokataa, akamwendea baba yake, aliyekuwa mlangoni akichambua kahawa huku amevaa kofia na koti lake la kanisani. Akamwomba aende akapumzike kwa jirani mpaka tumalize. Tata alisema hawezi kutoka nyumbani kwake siku anayorudi mke wake, watu waseme amemkimbia. Akaendelea kuchambua. Mimi nikarudi kwenye skrini.

Nilikuwa bado ndani niliposikia bati linalia.

Nikatoka mbio. Tata alikuwa ameshafika juu ya ngazi, miguu mitupu, viatu amevipanga vizuri chini kama mtu anayeingia kulala. Alitambaa kwenye bati akishika pale palipo na misumari, akafika juu kabisa, akakaa kwenye mgongo wa nyumba, mguu mmoja huku na mmoja kule. Nilitamani kufumba macho, nikaogopa kuyafumba.

"Renatha," alisema akihema, "mwambie apande. Mimi niko juu."

Renatha alinitazama. "Umeambiwa upande. Yeye yuko juu."

Nilivaa suruali ya Dastan, nikajifunga kitenge juu yake, nikapanda. Tulizifunga paneli kwa kamba ya ng'ombe. Renatha akasukuma kutoka kwenye ngazi, mimi nikaongoza, Tata akavuta. Kila alipovuta niliona koti lile likiyumba angani, nikawaza kwamba Mama atafika akute tumemwangusha mume wake kwa ajili ya umeme. Kibanio kimoja kiliniponyoka, kikateleza kwenye bati lote mpaka kwenye mfereji, na Tata akasema kwa sauti ya chini, bila kumtaja mtu, kwamba asiye na haraka hufunga mara moja tu.

Ukungu ulikuwa umeshatawanyika, ila mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Nyakasimbi. Nilikaza paneli ya tatu, nikaunganisha waya, nikamwita Renatha aende dirishani anisomee skrini.

"Imepanda," alisema. Kisha, "Imeshuka."

Nilikagua viungo, vilikuwa sawa. Nikavikagua tena. Renatha akasema imeshuka zaidi. Ndipo nilipoona giza kwenye kona ya paneli, lenye umbo la bega na kofia. Tata alikuwa ameinama atazame ninachofanya.

Nilitazama kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Wingu la kwanza lilikuwa karibu kufika.

"Tata," nilisema. "Sogea. Unaweka kivuli."

Akajivuta nyuma, polepole, bati likilia chini yake.

"Hapa?"

"Kidogo tena."

"Na hapa?"

Renatha akapiga kelele kwamba imepanda, akauliza kilikuwa nini. Nikahamia kwenye paneli ya nne.

Nilikuwa kwenye waya za mwisho za paneli ya nne Tata alipoona gari kwenye kona ya barabara. Alitaja jina la mke wake, Deodatha, mara mbili. Alishika bati kama anayetaka kushuka, kisha akanitazama pale chini yake na bisibisi mkononi. Angeshuka yeye kwanza, mimi ningekuwa juu yake.

"Maliza," alisema. "Nitangoja."

Kwa hiyo Mama alifika na kumkuta mume wake amepanda nyumba kama farasi, na koti la kanisani limejaa kutu. Dastan aliposhusha kioo, Mama alitoa mpira wa hewa puani.

"Miaka yote nakwambia bati linavuja, hupandi. Leo umepanda kunipokea?"

Dastan akamrudishia mpira haraka. Nilibana kiungo cha mwisho, nikashuka. Tata akafuata, na safari hii alinipa mkono nimshike kwenye ngazi.

Mashine iliwaka. Jua lilitupa saa chache, wingu likachukua zilizobaki. Jioni nilipopiga hesabu mbele ya skrini, Tata alikuja akasimama kando yangu.

"Itafika asubuhi?"

"Ikibeba mashine peke yake, inaweza."

Akaenda kuzima taa ya sebuleni, kisha ya ukumbini, kisha ile ya nje ambayo Dastan alikuwa na hamu majirani waione. Kibatari nilizuia kisiwashwe, kwa sababu moto na oksijeni havikai chumba kimoja. Tukakaa gizani kando ya kitanda, wote wanne, tunaona kijitaa kimoja tu cha kijani kwenye mashine.

"Mbona mmekaa kama mna msiba?" Mama aliuliza.

"Lala," Tata alimwambia. "Ukiongea sana utamaliza umeme."

Renatha na Dastan walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naisikiliza mashine.