Mkono wa Kuume na Pile Moja

Kiharusi kilinikuta nikila bukari, ugali wetu. Tonge lilibaki mkononi, na mkono nao ukabaki hivyo hivyo, ngumi, kana kwamba nachelea kunyang'anywa. Hospitalini walilichokoa kwa mpini wa kijiko. Mimi, Stanislas Kyungu, miaka ishirini na sita chini ya ardhi mawe hayakuniweza. Nikaja kushindwa na tonge.

Mke wangu Bilonda alikuwa ametangulia zamani. Watoto walikuwa Lubumbashi, wakiandika kila Krismasi, na Krismasi haina haraka. Nyumbani kwangu Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya shaba, ilibaki sauti moja tu, ya redio ndogo iliyokula pile moja, betri ya mraba. Na mara tatu kwa wiki alikuwapo Mianda.

Mianda alikaa ng'ambo ya barabara, nyumba inayotazamana na yangu, na kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini. Daktari mmoja aliyerudi Ubelgiji alimwachia kisanduku cha umeme, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye nyaya mbili na vipande viwili vya mpira. Nacho kilikula pile ya mraba, sawa na redio yangu. Alilowesha vitambaa kwa maji ya chumvi, akaviweka chini ya mipira, kisha akatafuta mahali pake juu ya mkono wangu, taratibu, kama mtu anayetafuta chawa. Vidole vikiruka, alichora duara mbili kuzunguka mipira kwa kalamu ya Bic ya buluu.

"Usifute, Tata Stani. Ukifuta, tunaanza tena kutafuta."

Courant, ule umeme wa kisanduku, iliuma kama siafu, na ngumi ikafunguka, kidole baada ya kidole.

"Fungua na weye! Usiachie mashini kazi yote, haikukuoa."

"Nafungua, mama."

"Unafungua macho. Fungua mukono!"

Akizima, ngumi inajifunga. Basi tunacheka.

Kwetu mkono wa kushoto hausalimii mtu. Watu walinihurumia, wakaushika huku wakitazama pembeni. Mianda peke yake alikataa. Siku ya kwanza nilipomnyooshea, aliweka mikono yake mgongoni.

"Ile ya kushoto peleka kwa bale banakuhurumia. Mi nangojea ya kuume. Siku itafunguka yenyewe, bila courant, njo utanisalimia."

Miezi kumi na minne hatukusalimiana. Watu wengine huomba mvua, wengine huomba watoto. Mimi niliomba kumpa yule mwanamke mkono.

Kisha ukaja mwaka wa 1993. Vijana walipita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na baadhi yao niliwahi kuwabeba mgongoni. Mlango wa Mianda, ambaye wazee wake walitoka huko, ulivunjwa siku ya Jumanne, mchana kweupe. Niliona yote dirishani. Nilikuwa na mkono mmoja mzima, na huo niliutumia kushika pazia.

Siku ya tatu aibu ilinisukuma hadi stesheni. Maelfu ya waliofukuzwa walikuwa pale, chini ya plastiki na mashuka, wakingoja treni isiyo na saa. Mianda nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake, mipira imebandikwa kwenye goti la bibi mmoja aliyekuwa akilia maumivu.

"Umekuja kusalimia?" aliniuliza.

"Bado."

"Basi leta ule mukono."

Neno juu ya pazia hakusema. Alizichora upya zile duara, na tangu siku hiyo kila nilipokwenda alinipa dakika kumi. Siku moja nilimuuliza nani atampokea huko Kasai.

"Sijui. Mi nilizaliwa Kapata, kitovu yangu iko nyuma ya ile nyumba. Kasai sijaiona hata mu ndoto." Akacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikujua kufanya kingine.

Alhamisi moja pile ilikufa. Vidole vilitikisika kidogo, vikalala.

"Imeisha, tata. Na mu ville yote, muji muzima, pile hakuna."

"Mi niko na moja," nikamwambia.

Kesho yake habari ilifika Kapata kwamba treni imeingia. Sisi watu wa kampuni hatumsindikizi msafiri tukiwa wachafu. Nilichota maji, nikajisugua kwa sabuni hadi viwiko, nikavaa shati jeupe, nikatoa pile ndani ya redio. Redio ilinyamaza katikati ya neno.

Walikuwa wamewapandisha katika mabehewa ya wazi, yale ya kubebea mawe ya shaba. Mianda aliniona kabla sijamwona.

"Tata Stani! Shika!"

Kisanduku kilikuja na nyaya zake zote, nikakidaka kifuani.

"Na weye je?"

"Leka mambo yangu! Weka pile, ufanye kila siku dakika kumi! Mipira unaweka pale nilichora…"

Hapo akauona mkono. Nilikuwa nimekunja mikono ya shati, na mkono wangu ulikuwa safi kama sahani.

"Umefuta!"

Walipovunja mlango wake hakulia. Alililia duara mbili za Bic.

Treni ikavuta. Aliinama akashusha mkono wake wa kuume, nami nikanyanyua ngumi yangu juu, kama mtu anayetaka vita. Niliiambia ifunguke kwa Kiluba, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa cha capita, msimamizi wetu wa mgodini. Haikufunguka. Nikanyoosha wa kushoto. Akaurudisha mkono wake.

"Ya kuume!" alipiga kelele. "Mi nangojea!"

Pile moja haiwezi kukaa mahali pawili. Niliichagulia kisanduku, na nyumba ikawa kimya hadi nikawa nasikia mabati yakipoa jioni. Kila siku nilitafuta. Hapa kidole gumba kinaruka. Hapa kifundo kinapinda. Hapa siafu tu, bure. Nilijitania mwenyewe kwa sauti, "Fungua mukono, si macho!" lakini utani wa mtu mmoja una baridi.

Wiki ya tano vidole vinne vilifunguka pamoja. Sikutafuta Bic. Nilichukua wembe na mkaa, nikajichanja chale pale pale, mara mbili. Sasa nisugue nipendavyo.

Mvua zilipoanza tena, pile ikafa. Asubuhi iliyofuata, nikiwa mlangoni, nilikiambia kiganja kifunguke, na kikafunguka chenyewe, kikitetemeka, upana wa kushika kikombe.

Nyumba ya Mianda ilikuwa imepata mtu, Kabongo, mpole, mwenye kupenda watu. Siku hiyo hiyo alivuka barabara, mkono wa kuume mbele.

"Jambo, tata! Tujuane sasa."

Wangu ulikuwa tayari, umefunguka pajani. Niliutia mfukoni, nikampa wa kushoto. Uso wake ukasawijika.

"Samahani, tata," nikamwambia. "Huu wa kuume iko na mwenyewe."

"Nani?"

Nilimwonyesha kwa mdomo mlango wake, ule uliovunjwa.