Kipande cha Mama

Dada yangu Mhoja alikuwa na ombi moja tu kuhusu harusi ya mwanawe: keki iwe laini. Watu walimcheka. Mtu ana binti mmoja, binti anaolewa na Muganyizi, Mhaya wa Bukoba mwenye wajomba wasomi na mashangazi wenye macho makali, halafu yeye anahangaika na ulaini wa keki. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua.

Nilijua peke yangu. Nilikaa naye hospitali siku daktari aliposema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, umeshakomaa, na kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Tangu hapo aliishi kwa maziwa na uji mwembamba. Ugali aliuaga. Hata sato wa kuchemsha, aliyempenda kuliko nyama, alimtazama tu sahani ikipita. Precious, bintiye, aliambiwa ni vidonda vya tumbo.

"Akijua ataahirisha," dada aliniambia. "Atakaa hapa Bujora ananikorogea uji, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemzibia ndoa yake."

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu, "Dada, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Basi nitalia mwenyewe, Kija," akasema, na habari ikaishia hapo.

Kilichomtisha ni ile shughuli ya kulishana. Kwenye harusi zetu bi harusi hupiga magoti mbele ya mama yake akamlisha kipande cha keki, ukumbi mzima ukitazama, na MC hasogei mpaka mama ameze. Kuna wengine humwambia afungue mdomo watu waone. Mama akikitema, au akikohoa kikamtoka, maneno yanaanza palepale: hakumbariki mwanawe, hakumtaka mkwe. Kufa dada alishakubali. Hilo la kumtia mwanawe aibu mbele ya wakwe ndilo lililomkosesha usingizi.

Kwa hiyo tulipokwenda mjini na Precious kuchagua keki alivaa kitenge chake kizuri, akakataa kubaki nyumbani. Annet, fundi wa keki kule Kirumba, alitupokea kwa shikamoo, akatupangia visahani mezani: keki ya matunda, ya chokoleti, ya karoti na ya vanila. Kila kisahani kilipomfikia, dada alitia kipande mdomoni, akatafuna taratibu, akajipangusa kwa leso, akasema, "Hii nayo tamu." Nilikaa pale nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na Mungu, na Annet naye nikamkasirikia bure kwa kukata vipande vikubwa.

"Mimi nachukua ya matunda," Precious akasema. "Ndiyo keki ya harusi."

"Chukua vanila, mwanangu," dada akasema. "Ndiyo laini."

"Mama, vanila ni ya birthday za watoto. Akina Muganyizi wakiiona watasemaje?"

"Watasema laini."

"Hiki ni kitu kimoja tu nimetaka kuchagua mwenyewe, na hiki nacho unanichagulia."

Dada akageukia dirishani. Alikuwa amechoka, na krimu kidogo ilikuwa imemganda kidevuni. Precious hata akinuna ana huruma, sijui amemrithi nani, maana si mimi. Akainama, akachukua leso mapajani kwa mama yake ili amfute. Leso ikafunguka mkononi mwake.

Vipande vyote vilikuwa humo. Cha matunda, cha chokoleti, cha karoti na cha vanila, vimetafunwa na kulowa mate, hakuna hata kimoja kilichomezwa. Dada alikuwa amegeukia dirishani, hakuona. Mimi niliona. Precious aliikunja ile leso kama ilivyokuwa, akairudisha mapajani, akamfuta mama yake kidevu kwa kiganja.

"Iwe vanila, dada Annet," akasema. "Mama amechagua vizuri."

Tulimwacha dada amekaa, tukatoka eti kutafuta bajaji. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga. Precious alinishika mkono mpaka nikaumia.

"Mama mdogo, siyo vidonda vya tumbo."

"Siyo."

"Atapona?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. Akalia pale kando ya barabara, watu wakipita na mizigo yao, nami nikalia naye. Akasema ataahirisha harusi.

"Ukiahirisha utamuua kabla ya huo ugonjwa," nikamwambia. "Anachosubiri ni siku hiyo tu."

Kisha akajipangusa uso kwa upindo wa kitenge changu. "Basi asijue kwamba najua."

Siku ya harusi dada alikuwa amekonda mpaka gauni tulilishikiza kwa pini mgongoni. MC akaita mama wa bi harusi. Precious akaja na kisahani, akapiga magoti, akashika kipande cha vanila vidoleni, akakiinua ukumbi mzima ukakiona. Kisha akaushusha mkono, shela likamfunika, na ulipoinuka tena kwenda mdomoni kwa mama yake, vidole vilikuwa vitupu. Nilikuwa nimekaa ubavuni, nilikiona kipande kikidondokea kwenye mikunjo ya gauni lake jeupe. Dada akafumba macho. Akafunga mdomo juu ya vile vidole, akatafuna, koo likapanda na kushuka. Vigelegele vikapigwa. Mashangazi wa Bukoba ndio waliopiga zaidi.

Precious alipoondoka, dada akaniinamia sikioni.

"Kija, umeona? Mtoto ana haraka, keki imemdondoka hata hajagundua. Nimemeza mate yangu tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. "Mungu amenistiri. Mwanangu hajajua kitu."

Mara hiyo moja mdomo wangu ulipata breki. "Mungu ni mwema, dada," nikasema.

Tulimzika Bujora kabla picha za harusi hazijatoka. Ile ya kulishana Precious ameitundika sebuleni kwake. Mgeni akiitazama na kuuliza keki ilikuwa ya nini, hujibu, "Vanila. Mama ndiye aliyeichagua."