Mikono ya Dua

Kwa nini gari la wageni halikuzimwa? Tangu asubuhi lilikuwa likinguruma chini ya mkorosho, vioo vimefungwa, ndani hamna mtu. Fauzia alilitazama. Alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake wa Somanga, viganja vimebabuka kwa kuchemsha chumvi kwa kuni za mikoko. Chumvi ndiyo iliyombakia. Mpunga ulikwisha mwaka ule bahari ilipopanda ikaingia majarubani, udongo ukabaki mweupe kama majivu.

"Joto limezidi duniani," alisema Benedicto, bwana mradi, "nanyi mnakata mikoko. Mnajimaliza wenyewe. Kijiji kikikubali, hori lenu, mkono huo wa bahari wenye mikoko, litafungwa. Hakuna panga, hakuna kuni. Hewa inayosafishwa na mikoko yenu itauzwa kwa kampuni za ng'ambo."

Kwamba mikoko ni ukuta wa bahari, Fauzia hakubisha. Lilimkereketa jingine.

"Mwanangu, huyo mnunuzi akishanunua, ataacha kufukiza moshi wake?"

"Ataendelea, mama. Lakini atakuwa amefidia."

"Kumbe. Yeye afukize, mimi nizime jiko."

"Muulize na gari lake linampikia nani," jirani yake Imani alinong'ona nyuma yake, wanawake wakaangua kicheko.

Benedicto alisikia. "Ni kiyoyozi tu, mama zangu. Tunarudi mbali, na gari likipata joto halikaliki."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti Bakari akakohoa.

"Fauzia, hawa ni wageni. Tuombe dua kwanza, pilau isipoe. Kura baadaye."

Nani hubakisha mikono mapajani dua ikisomwa? Viganja vyote viliinuka, vya Fauzia vikiwamo. Ndipo aliposikia kamera. Alifumbua macho: mpigapicha amechuchumaa mbele yao, na Benedicto anamwelekeza kwa kidole, "Wapate na wale wa nyuma."

Amin ya mwisho ilipoitikiwa, masinia yalikwisha kufika. Kura hakuna aliyeitaja. Benedicto alikishukuru kijiji kwa kuridhia kwa kauli moja. Bakari akapiga makofi, macho yake chini. Imani alikuwa keshanawa.

Fauzia alisimama. Hakunawa.

"Mikono hii nilimwinulia Mungu, sikuipigia kura," alisema. "Kesho maji yakipwa, naingia horini na panga langu. Anayetaka kunikamata anajua njia; gari lake liko tayari linanguruma."